Kusoma habari za wanawake wa Biblia hatua kwa hatua: mwongozo wa kikundi na wa msomaji binafsi

Mafundisho kuhusu wanawake wa Biblia mara nyingi huishia kwenye sifa: Ruthu mwaminifu, Esta jasiri, Hana mwombaji, Mariamu mnyenyekevu. Sifa hizo ni za kweli, lakini mama aliyekuja kwenye ibada akiwa na deni, kesi ya shamba au mume asiyeambilika anarudi nyumbani hana la kufanya. Waandishi wa Biblia hawakuziandika habari hizi kwa mtindo huo. Wanatueleza mwanamke alikuwa na nini mkononi, nani alikuwa na mamlaka juu yake, alikwenda kwa nani, alisema nini, na kikatokea nini. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hiyo: matendo kwanza, sifa baadaye.

Maandalizi

Tafuta Biblia mbili za tafsiri tofauti. Union Version ya 1952 na Biblia Habari Njema zinatosha: aya ikiwa ngumu kwenye moja, nyingine huifungua. Kikundi chenye Wakatoliki na Waprotestanti kikubaliane mapema kuhusu Yudithi na habari ya Susana (Danieli 13), kwa sababu hazimo kwenye Biblia za Kiprotestanti na mjadala ukizuka katikati ya kikao unakula muda wote. Ongeza daftari na kalamu kwa kila mtu. Kama mna itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yalimo, ni vizuri. Kama hamna, marejeo yaliyo pembeni mwa kurasa au sehemu ya kutafuta maneno kwenye Biblia ya simu itafanya kazi hiyo.

Kikao kizuri huchukua dakika 90: dakika 20 za kusoma kwa sauti, 35 za kuandika matendo, 20 za kutoa somo, na 15 za sala na kupanga kazi ya wiki. Watu 6 hadi 12 wanatosha. Wakizidi, gawaneni, la sivyo watasema walewale watatu na wengine watabaki kuitikia amina.

Hatua ya 1: chagua mtu mmoja

Usichague mada, chagua mtu. Kikao chenye kichwa "Mashujaa saba wa imani" humpa kila mwanamke dakika kumi, na dakika kumi hazitoshi kuona alichokifanya hata mmoja wao. Anzeni na habari fupi iliyofungwa sehemu moja: mjane wa 2 Wafalme 4:1-7, kisha Abigaili katika 1 Samweli 25, kisha Ruthu, kitabu cha sura 4 tu. Esta ana sura 10 na mambo ya ikulu ya Uajemi ndani yake. Mwacheni hadi kikundi kizoee.

Hatua ya 2: kusanya kila mahali anapotajwa

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Martha anajulikana kwa Luka 10:38-42, akihangaika na utumishi mwingi, na wengi humwacha hapo. Fungua Yohana 11. Ndugu yake amekufa siku nne zilizopita, anatoka kumlaki Yesu njiani, anamwambia waziwazi kwamba angalikuwapo Lazaro asingekufa, na katika aya ya 27 anakiri kwamba yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Ni ungamo la uzito ule ule tunaoupa ungamo la Petro. Yule mwanamke wa Shunemu naye hukumbukwa kwa mtoto aliyefufuliwa (2 Wafalme 4), lakini katika sura ya 8 anarudi baada ya njaa ya miaka saba, anakwenda kwa mfalme kudai nyumba yake na shamba lake, na anarudishiwa pamoja na mapato ya shamba tangu siku aliyoondoka. Kwa mtu aliyehama kijiji akarudi akakuta shamba limechukuliwa, sura ya 8 ndiyo somo lenyewe.

Maria Magdalena ndiye aliyeumizwa kuliko wote na usomaji wa juujuu. Hakuna aya inayosema alikuwa kahaba. Luka 8:2-3 inasema alitolewa pepo saba, na kwamba yeye, Yoana mke wa Kuza msimamizi wa Herode, Susana na wengine wengi walikuwa wakihudumu kwa mali zao. Mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 hatajwi jina. Ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, aliyemfanya yeye, Maria Magdalena na Mariamu wa Bethania, dada yake Martha, kuwa mtu mmoja, na Kanisa la Magharibi likaendelea hivyo kwa karne nyingi. Kalenda ya Kirumi ya 1969 iliacha mchanganyiko huo, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya Julai 22 kuwa sikukuu. Ukimfundisha kama kahaba aliyetubu, umewanyima wasikilizaji wako jambo lililo wazi kwenye maandiko: mwanamke aliyeponywa, akawa mfadhili wa huduma, akasimama karibu na msalaba, na akawa wa kwanza kutumwa kutoa habari za ufufuo (Yohana 20:17-18).

Hatua ya 3: andika matendo yake moja baada ya jingine

Chukua ukurasa mzima wa daftari na uuandike kwa maswali haya: Alikuwa na nini? Nani alikuwa na uwezo wa kumdhuru au kumsaidia? Alipata wapi taarifa? Alifanya nini kwanza, cha pili, cha tatu? Alisema nini kwa maneno yake? Ilimgharimu nini? Kila jibu liwe na namba ya aya. Jibu lisilo na aya ni dhana ya msomaji, liwekwe pembeni.

Abigaili anafaa kwa mazoezi, kwa hiyo tumfuate kwa karibu. Mumewe Nabali ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000 huko Karmeli, na ni majira ya kukata manyoya. Daudi, ambaye watu wake waliwalinda wachungaji wa Nabali, anatuma vijana kumi kuomba chakula. Nabali anawatukana. Daudi anaondoka na watu 400 wenye panga, 200 wanabaki kwenye mizigo, na ameapa kutomwacha mwanamume hata mmoja hadi asubuhi.

Abigaili anayajua haya kutoka kwa mtumishi (aya ya 14 hadi 17), na mtumishi anamwambia bila kuficha kwamba bwana wao hasemezeki. Zingatia hilo: nyumbani kwa Abigaili mtumishi anathubutu kumwambia bibi yake ukweli mchungu, na bibi anaufanyia kazi papo hapo. Aya ya 18 inasema alifanya haraka. Anachukua mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kutengenezwa, vipimo vitano vya bisi, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini. Chakula hicho kinapatikanaje kwa muda mfupi hivyo? Katika aya ya 11 Nabali mwenyewe anataja mkate wake na nyama aliyowachinjia wakata manyoya. Jiko lilikuwa tayari linafanya kazi. Abigaili anatumia kilichopo, hangoji kupata kinachowatosha watu wote 600. Mikate 200 ni mkate mmoja kwa watu watatu.

Kisha anatanguliza mizigo mbele, yeye anafuata nyuma juu ya punda (aya ya 19 na 20), ili Daudi akutane na chakula kabla ya kukutana na maneno. Hamwambii Nabali. Anapofika anashuka, anasujudu, na anazungumza aya ya 24 hadi 31. Katika maneno hayo anajitwika kosa, anaukubali upumbavu wa mumewe bila kuutetea, anatoa zawadi, na hoja yake kuu ni faida ya Daudi mwenyewe: atakapokuwa mtawala, damu iliyomwagwa bure itamsumbua moyoni. Nyumbani anamkuta Nabali amelewa katika karamu kama ya mfalme. Hamwambii neno hadi asubuhi, divai ilipomtoka.

Sasa soma tena ukurasa wako. Umepata mambo ambayo neno "busara" peke yake lisingekupa: weka watu wa chini yako katika hali ya kuweza kukuambia ukweli, tenda kabla ya usiku, tumia kilicho tayari, tanguliza ishara ya amani kabla ya maneno, mwonyeshe mwenye hasira hasara atakayoipata yeye, usijadiliane na mlevi.

Hatua ya 4: tafuta sheria na desturi iliyokuwapo

Bila hatua hii, tendo la kijasiri huonekana la kawaida na tendo la kawaida huonekana la ajabu. Ruthu kuokota masazo si kuombaomba. Walawi 19:9-10 na Kumbukumbu la Torati 24:19-21 zinamwamuru mwenye shamba aache pembe za shamba na miganda iliyosahaulika kwa ajili ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Ruthu ni mgeni na mjane. Ana haki hiyo, na bado anaomba ruhusa (Ruthu 2:7), kwa sababu sheria iliyo kwenye kitabu haimlindi mtu shambani. Boazi, mwenye shamba, anawaonya vijana wake wasimguse (2:9), na Naomi mkwewe Ruthu anasema wazi kwamba katika shamba jingine angeweza kudhuriwa (2:22). Kwa msomaji mwenye binti anayekwenda kufanya kazi za ndani mjini, aya hizo mbili zina uzito kuliko habari nzima ya ndoa.

Jioni alipura akapata kama efa moja ya shayiri, takriban lita 22, yaani debe moja na kitu. Kwa mwokotaji wa siku moja ni nyingi mno. Sababu iko 2:16: Boazi aliagiza waangushe kwa makusudi kutoka kwenye matita. Somo la wema hapa ni la Boazi kama lilivyo la Ruthu, na kikao kikiwa cha wanawake watupu, hakikisheni linawafikia wenye mashamba na waajiri pia.

Hatua ya 5: tenga kilichosimuliwa na kilichoamriwa

Biblia inasimulia mambo mengi ambayo haiyaungi mkono. Sara anamtesa Hagari (Mwanzo 16:6). Binti wa Yeftha anapotea kwa nadhiri ya baba yake (Waamuzi 11). Suria wa Mlawi anatendewa ukatili usiosemeka (Waamuzi 19). Amnoni anamnajisi Tamari dada yake, na Daudi baba yao anakasirika lakini hachukui hatua (2 Samweli 13). Hakuna hata moja kati ya habari hizi iliyo mfano wa kufuata. Kila mara jiulize: ni nani anayelaumiwa na maandiko? Katika 2 Samweli 12 nabii Nathani anamlaumu Daudi kwa kumtwaa Bathsheba, mke wa Uria, na katika mfano wake yule mwana-kondoo wa maskini hana kosa lolote. Mhubiri anayetumia nusu saa kueleza kwa nini Bathsheba alioga mahali pa kuonekana anamtafutia lawama mtu ambaye nabii hakumlaumu.

Tunalisema hili kwa uzito wote: usitumie Abigaili au Sara kumrudisha mwanamke kwa mume anayempiga. Abigaili hakukaa kimya akivumilia. Alitoka nyumbani bila kumwambia mumewe ili aokoe maisha. Mnaposoma habari za ukatili, tangazeni wiki moja kabla ili asiyeweza asije, msimwombe mtu ushuhuda wake mbele za watu, na kiongozi ajue mapema pa kumpeleka atakayehitaji msaada. Kwa Tanzania ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Yaliyosemwa kikaoni yabaki kikaoni.

Hatua ya 6: andika somo kwa sentensi moja, kisha lipime

Tumia umbo hili: "Ukiwa katika hali ya namna hii, fanya hivi, kwa sababu hii." Sentensi ikikosa kitenzi cha kutenda, rudi hatua ya 3. Kisha ipime kwa maswali matatu. Je, aya zinaibeba? Je, ungeweza kumwambia mtu aliye katika hali mbaya kuliko wote kikundini bila kumwongezea mzigo? Je, mwanamume naye anaweza kulishika? La mwisho ni muhimu, kwa kuwa somo linalowadai wanawake tu uvumilivu mara nyingi halikutoka kwenye maandiko.

Chukua binti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Katika Hesabu 27 wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote. Hoja yao imepangwa. Baba yetu alikufa jangwani. Hakuwa katika kundi la Kora lililoasi, kwa hiyo hakuna uasi wa kumnyima haki. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa nini jina lake lifutwe? Tupeni milki kati ya ndugu za baba yetu. Musa haamui mwenyewe, anampelekea Bwana, na jibu ni kwamba wana haki. Sheria mpya inatungwa (27:8-11): mwana wa kiume, kisha binti, kisha ndugu za marehemu, kisha ndugu za baba yake, kisha jamaa wa karibu.

Wengi humaliza hapo. Lakini katika sura ya 36 wazee wa ukoo wanakuja na pingamizi: mabinti wakiolewa kabila jingine, ardhi itahama. Linawekwa sharti waolewe ndani ya kabila la baba yao, nao wanaolewa na wana wa ndugu za baba yao. Na bado hawajapata shamba! Musa anakufa, uongozi unabadilika, na katika Yoshua 17:3-6 wanalazimika kwenda tena mbele ya Eleazari, Yoshua na wakuu kuwakumbusha agizo lile. Ndipo wanapewa.

Sentensi yao inaweza kuwa hivi: "Ukinyimwa urithi, nenda na wenzako mbele ya mashahidi, toa hoja zilizopangwa, na usiache kufuatilia hadi milki iwe mkononi, kwa sababu uamuzi wa haki na shamba lenyewe vinaweza kuachana miaka mingi." Kila kitu ndani yake kina aya. Na kinagusa maisha ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za Tanzania, zote za 1999, zinatambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi uondolewe. Kwenye mirathi ya kimila, lakini, kikao cha ukoo bado kinaweza kumruka binti. Kwa hiyo kazi ya wiki iwe ya karatasi: cheti cha kifo kipo? Muhtasari wa kikao cha ukoo umeandikwa, una majina ya watoto wote na sahihi? Nani ameteuliwa kusimamia mirathi, na mahakama imemthibitisha?

Hatua ya 7: toeni kazi ya wiki na ikaguliwe

Somo lisilo na kazi husahaulika njiani. Kazi iwe moja, iwezekane ndani ya siku saba, na iulizwe mwanzoni mwa kikao kinachofuata.

Mjane wa 2 Wafalme 4 anatoa mpangilio ulio tayari. Mwia, yaani mdai wa deni, anataka kuwachukua watoto wake wawili kuwa watumwa. Elisha anamwuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta tu. Anaazima vyombo vitupu kwa jirani, tena visiwe vichache, anafunga mlango, anamimina pamoja na wanawe, na mafuta yanakoma vyombo vinapokwisha. Anarudi kuuliza kabla ya kutumia chochote. Anaambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Deni linatangulia matumizi. Kwa kikundi ambacho wengi wao wako VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), kazi ya wiki ni kuandika kila deni, mdai wake na tarehe yake, pamoja na kila kitu kilicho nyumbani kinachoweza kuleta fedha, hata kidogo. Kosa la kukwepa ni kugeuza habari hii kuwa ahadi kwamba atakayetoa sadaka kubwa atajaziwa mafuta. Elisha hakumwomba mjane yule hata senti moja.

Esta akifika zamu yake, tazameni 4:5-8 kabla ya mfungo wa siku tatu: alimtuma Hathaki, mtumishi wa ikulu, kuuliza kuna nini, akapelekewa nakala ya mbiu ya kuwaangamiza Wayahudi. Alifunga akiwa na taarifa kamili mkononi. Kazi ya wiki: kabla ya kulalamika au kufunga kwa ajili ya jambo la umma, tafuta waraka wenyewe uusome.

Mithali 31 iwekwe mwishoni

Mithali 31:10-31 husomwa sana kwenye kicheni pati, na bibi harusi huondoka na orodha asiyoweza kuitimiza. Ni shairi la aya 22, kila aya ikianza kwa herufi moja ya alfabeti ya Kiebrania kwa mfuatano, na linamsifu mwanamke kwa kazi za maisha yake yote, wala si ratiba ya siku moja. Ana wajakazi (31:15). Ananunua shamba na kupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake (31:16). Anauza nguo kwa wafanyabiashara (31:24). Aya ya 31 inawaelekeza wengine wampe mapato ya mikono yake. Kwenye kicheni pati, soma aya hiyo ya mwisho kwa sauti, na mweleze bwana harusi maana yake.

Mpangilio wa wiki 10

Mjane wa mafuta, wiki 1. Abigaili, wiki 1. Ruthu, wiki 2. Binti za Selofehadi, wiki 1, ikiwezekana pamoja na wanaume wa jumuiya. Hagari (Mwanzo 16 na 21), wiki 1. Maria Magdalena na Martha, wiki moja kila mmoja. Esta, wiki 1 kwa sura ya 2 hadi 7, wengine wasome zilizobaki nyumbani. Mwisho wa wiki hizo, kabla ya Mithali 31, someni Warumi 16, ambako wametajwa wanawake kumi, akiwamo Fibi mhudumu wa kanisa la Kenkrea, Priska ambaye nyumba yake na Akila ilikuwa kanisa, Yunia aliyefungwa pamoja na Paulo, na mama yake Rufo ambaye Paulo anamwita mama yake pia. Gawaneni majina hayo wiki moja kabla, kila mtu aje na aya zote zinazomtaja wake. Anayesoma peke yake afuate mpangilio huu huu, ila atumie siku tatu kwa kila mtu: siku ya kukusanya aya, siku ya kuandika matendo, na siku ya kuandika sentensi na kupanga kazi.